Ghorofa ya Tatu ya Chuo cha Mabati

Nakuam, binti wa Ngaremara, alikuwa na dharau, na mimi simlaumu hata kidogo. Umepanda busta, ile minara ya simu, miaka saba, upepo wa kule Gotu ukikupiga makofi huko juu, halafu unaambiwa ukae darasani na watu ambao hawajawahi kushika hata bisibisi. Wewe ungewapenda?

Lakini kaunti ilikuwa imetangaza kazi ya fundi wa wifi za zahanati, kazi ya kudumu, na bila cheti cha mitandao isiyo na waya usijisumbue kuomba. Kibarua chake kilikuwa kinaisha mwezi huo huo. Basi akajiandikisha katika chuo kimoja pale Isiolo mjini, nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, na tangi la plastiki la maji nyuma yake.

Darasani kulikuwa na karani mmoja wa serikali aitwaye Gikonyo, tai shingoni hata siku za joto la kukaanga yai. Gikonyo alileta majibu kutoka chuo fulani cha Nairobi, akawagawia wenzake kama peremende, nao wakayameza. Ukimwuliza chaneli zipi za wifi hazigongani, anakujibu "moja, sita, kumi na moja" kabla hujafunga mdomo. Ukimwuliza kwa nini, anaangalia dari. Kasuku ana nafuu, yeye angalau ana manyoya!

"Wewe hata ukipewa ngazi utauliza ni jibu A ama B," Nakuam alimwambia, akasonya mbele ya darasa zima.

Siku ya zoezi la mwisho walipewa maswali kumi na kompyuta. Swali la saba lilisema: beba kompyuta mbali na kisanduku cha wifi mpaka netiwaki ikatike, kisha andika ilikatika wapi na kwa nini.

Nakuam akatoka juani. Netiwaki ikakatika nyuma ya tangi, hatua arubaini na mbili. Akakuna kichwa, akangoja. Mchana wapishi wa chuo walipoteka maji na tangi likapungua, alirudi pale pale, na netiwaki ikawa imerudi! Akaandika kwamba maji ndiyo yaliyokuwa yanakunywa mawimbi. Alifurahi, jamani. Jambo hilo hakufundishwa na mtu, alilikamata mwenyewe.

Wenzake kumi na mmoja hawakuinua makalio. Wote waliandika: "Ilikatika ghorofa ya tatu, kwa sababu ya zege."

Ghorofa! Hapo chuoni ukipanda juu kuliko kiti, kichwa kimefika kwenye mabati! Watu wazima, wenye watoto nyumbani!

Jioni Mwalimu Wambugu akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, aliyesahihisha kwa karatasi ya majibu iliyoletwa kutoka Nairobi, kwenye chuo chenye maghorofa.

"Nakuam, umekosa alama moja tu ya kupita. Ni namba saba."

"Mwalimu, mimi nilipima. Twende nikuonyeshe."

"Najua ulipima, nilikuona." Akashusha sauti. "Lakini karatasi inasema ghorofa ya tatu. Mimi ni wa kutumwa tu."

"Hii nyumba ina ngazi, mwalimu?"

Wambugu alivuta droo ya meza. Alimsukumia kifutio na penseli. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada. Majina ya waliofaulu yanapelekwa leo."

Nakuam alitaka kuirarua ile karatasi amrushie usoni. Alitaka kutoka aende zake Ngaremara. Kisha akaiona miaka mingine saba ya vibarua, na Gikonyo na tai yake wakimwonyesha kwa kidole mahali pa kufunga antena. Akashika kifutio. Akafuta tangi, akafuta maji, akafuta na zile hatua zake, akaandika walichoandika wengine. Aliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Nje wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja majina. Gikonyo akamtazama.

"Madam, na wewe netiwaki yako ilikatikia wapi?" aliuliza, tena kwa adabu, maana alimwona mchana kutwa akizunguka juani.

"Ghorofa ya tatu," Nakuam akasema.

Gikonyo hakucheka. Alisogea kidogo, akapangusa vumbi kwenye benchi kwa kiganja, akamwachia nafasi karibu naye.

Nakuam akakaa.