Nilimnyang'anya Pazi Mzigo Wake

Kosa nililifanya mimi, tena nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna aliyenilazimisha, na wala sitamsingizia shetani. Siandiki jina langu kwa sababu nina kibaraza hapa Kariakoo na watu wananiletea saa zao kila siku, sitaki waanze kuniletea na pole.

Mimi ni fundi saa. Kazi hii inataka jicho na subira. Jicho ninalo. Subira nilidhani ninayo.

Mwaka juzi nilipata mnadani sanduku la askari wa kuchezea, wale wadogo wa madini ya risasi wanaochezewa na watoto wa Kizungu. Wengine hawakuwa na vichwa, wengine hawakuwa na mikono. Nilikusudia kuwayeyusha nipate madini ya kulehemia. Nikamtazama mmoja kwa kioo changu cha jicho, nikaona vifungo vya koti lake vimechorwa kimoja kimoja, nikashindwa kumyeyusha.

Basi nikaanza mchezo wangu. Nilimkata yule Mzungu kofia yake, nikamtengenezea kofia ya askari wa zamani wa Mjerumani, ile yenye kitambaa cha kufunika kisogo, kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Miguuni nikamzungushia uzi badala ya vile vitambaa walivyojifunga askari. Uso nikaupaka rangi ya watu wa kwetu. Nikamsimamisha mezani katikati ya saa.

Wazee wakaanza kusimama kibarazani. Mmoja anasema mkanda haukuwa hivyo, mwingine anasema bunduki ilikuwa ndefu zaidi. Nikarekebisha. Nikatengeneza wa pili, wa tatu, na wale wa tarbushi wa upande wa Mwingereza. Kibaraza kikajaa watu wasiokuwa na saa hata moja, na mimi kichwa kikanivimba.

Baba wa mke wangu, nitamwita Mzee Kondo, alikuwa anaishi kwangu tangu alipofiwa na mkewe. Kazi yake ni kusuka vitanda vya kamba, na maneno yake ni machache. Vita vya Mjerumani vilimkuta kijana, akachukuliwa yeye na mdogo wake Pazi kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza. Kondo alirudi. Pazi alibaki kwenye matope ya Rufiji. Hakuna kaburi, hakuna picha, hakuna hata shati lake.

Alasiri moja tulikuwa uani. Yeye anakaza kamba za kitanda, mimi namtia askari mkono, mke wangu anachambua mchele.

"Mkwe wangu," akasema, "unaweza kunitengenezea Pazi?"

Mke wangu akainua kichwa. "Baba, sanamu? Shehe akisikia?"

"Sitaisujudia, mwanangu. Nataka kumtazama tu. Sura yake imeanza kunipotea."

Akanieleza. Alieleza kwa urefu, yeye ambaye kwa kawaida akisema maneno kumi kwa siku amezidisha. Alinieleza sanduku alilobeba mdogo wake, mkono aliolishikia, mguu uliokuwa na kidonda ukafungwa kitambaa, na kata, ile pete ya kuwekea mzigo kichwani.

"Kata yake nilimsukia mimi," akasema. "Pazi hakujua kusuka. Kila asubuhi kabla hatujaondoka nilikuwa naikaza upya. Usiisahau kata."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nilisema ndiyo! Koleo liko mkononi, mkono wa askari unakataa kukaa begani, na akili yangu yote iko kwenye ule mkono. Nilisikia sanduku, nikasikia kidonda, nikasikia kata, mengine yakapita.

Siku mbili baadaye jirani yangu, fundi cherehani, akaniuliza ninamtengeneza nani safari hii. Nikamwambia mdogo wake mkwe wangu.

"Alikuwa askari?"

"Alikuwa mpagazi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Bwana we, hapa umepanga simba watupu, sasa katikati unataka kumweka punda? Watu watajua ulikooa!"

Ni mtani wa kila mtu, na naamini alishasahau kabla hajafika kwenye cherehani yake. Mimi sikusahau. Hapa ndipo penye ungamo langu: niliona aibu. Niliona aibu mbele ya watu wanaokuja kibarazani kwangu kupoteza muda, kwa ajili ya marehemu ambaye hakunikosea lolote.

Nikajidanganya kwamba ninampandisha cheo. Nikamvika Pazi tarbushi. Nikampa bunduki. Kutoka kwenye gurudumu la shaba la saa mbovu nikamchongea nishani kifuani, ndogo kama punje ya ulezi. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na nilipoimaliza niliibusu.

Nikangoja Shaabani, siku ya kisomo cha marehemu wa ukoo wao. Ndugu walikuja kutoka Magomeni na kutoka ng'ambo, Kigamboni. Tulipomaliza dua, kabla sinia hazijaletwa, nikasimama mbele ya watu wote nikafunua kitambaa. Ningeweza kumpa faragha. Nilitaka kusifiwa.

Mzee Kondo akamweka kiganjani. Watu wanasema Mashaallah, wanavutana kuangalia. Yeye akamgeuza mbele na nyuma.

"Huyu nani?"

"Pazi, baba."

"Pazi hakuwa na bunduki."

"Nimempa heshima yake, baba."

Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana.

"Wenye bunduki walikuwa wanatembea nyuma yetu na viboko," akasema. "Pazi alipoanguka, mwenye tarbushi kama hii alimpiga ili ainuke. Hakuinuka."

Akanirudishia sanamu mkononi. Sinia zikaletwa, akanawa kama wengine, lakini hakula.

Haikupita wiki akamwomba binti yake amfungie nguo zake. Alisema upepo wa Kigamboni unafaa magoti yake, na kwamba binti yake mkubwa wa huko amemwita siku nyingi. Nilimsindikiza mpaka Magogoni nikimbebea furushi lake la nguo. Alinishukuru, akapanda pantoni, na hakugeuka nyuma. Mke wangu aliniambia neno moja tu usiku ule na hajalirudia: "Baba hakukuomba askari."

Nikasema nitarekebisha. Mimi ni fundi, nitashindwa nini?

Nimeshindwa. Nilipokata bunduki, ilitoka na vidole. Nikachukua askari mwingine, nikajaribu kumkunja mkono ushike mzigo juu, kiwiko kikapasuka. Wa tatu nilimlehemia sanduku kichwani, kichwa chenyewe kikayeyuka kikadondoka mezani. Nilitupa koleo ukutani, mteja aliyekuwa anangoja saa yake akaondoka taratibu bila kuaga.

Kisha nikaacha kulehemu, nikajaribu kuliweka sanduku juu ya kichwa hivi hivi. Halikai. Kila likiwekwa linateleza. Halikai kwa sababu hakuna kata! Mtoto yeyote wa kike anayechota maji bombani angeniambia hilo, na mimi niliambiwa na aliyeisuka kwa mikono yake.

Nikaketi kusuka kata ya uzi. Ya majani au ya kitambaa? Nene au nyembamba? Pazi alishika sanduku kwa mkono upi? Kidonda kilikuwa mguu gani? Yote haya yalisemwa hatua mbili kutoka sikioni mwangu, mchana kweupe, na sina hata moja.

Ijumaa moja baada ya sala nikavuka kwenda kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu. Binti yangu hajambo? Yale mafuriko ya Jangwani yamepungua?"

Nililetewa dafu, nikanywa. Nikamwomba radhi, akasema amekwisha nisamehe, na kwa uso wake niliona anasema kweli. Ndipo nikamwomba anieleze tena.

Akaendelea kuvuta kamba. "Nilikwambia."

"Sikusikiliza, baba."

"Najua," akasema, akaniuliza kama biashara ya saa inakwenda.

Nimekuwa nikivuka kila Ijumaa. Hanifukuzi. Tunazungumza mvua, magoti, wajukuu. Kila Ijumaa ninauliza, kila Ijumaa anajibu lile lile, na kila Ijumaa ninarudi kwenye pantoni nikijichukia upya.

Ijumaa iliyopita sikuuliza. Nilimsaidia kushika ncha ya kamba tu. Yeye mwenyewe akaacha kuvuta, akasema, "Basi sikiliza." Nikaweka kamba chini, nikaweka mikono yote miwili mapajani kama mtoto aliye chuo cha Kurani.

"Kata ilikuwa ya majani," akasema. "Mguu wake ulikuwa na kidonda, nikaufunga kwa kipande cha shuka langu. Mguu wa..."

Akanyoosha mguu wake wa kulia, akautazama. Akanyoosha wa kushoto. Akatazama kamba, akatazama uani kama kuna mtu anapita. Kisha akanigeukia, na usoni mwake hamkuwa na lawama yoyote. Alikuwa anaomba msaada.

"Mkwe wangu, nilikwambia mguu gani?"

Niliinama nikaokota ncha ya kamba.

Ndugu unayesoma, nyumbani kwako labda yupo mtu aliyewahi kupita mahali ambapo wewe hukupita. Akianza kusema, weka chini ulichoshika, na uandike kila anachokwambia vile vile anavyokisema, hata kama kitakuaibisha mbele ya majirani. Usimpandishe cheo mtu wake. Mezani kwangu yupo Pazi asiye na bunduki, amesimama wima, mguu wake haujafungwa, na sanduku lake liko pembeni. Kila mteja ananiuliza mbona huyu sijammaliza.