Antena Iliyotazama Goma

Baba aliijenga nyumba yetu kwa mawe meusi ya volkano, yale ambayo hapa Gisenyi mtu akichimba msingi hukutana nayo hata asipoyataka. Kuta ni nene, madirisha ni madogo, juu ni mabati. Baridi haiingii, kelele za njia ya mpakani haziingii, na rezo, yaani mtandao wa simu, haiingii kabisa. Mgeni akivuka kizingiti na simu sikioni, mazungumzo yake yanakatikia hapohapo mlangoni.

Mahali pekee pa kuongelea palikuwa dirisha la jikoni. Ulipanda juu ya benchi, ukatoa kichwa na bega moja nje, ukaongea. Mimi nilichumbiwa pale. Maneno yote matamu niliyowahi kuambiwa niliyasikia nikiwa nusu ndani nusu nje, kama mbuzi aliyenasa kwenye ua, na majibu yangu waliyasikia mchumba wangu pamoja na akina mama wote wa mtaa wetu wauzao sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikipita kesho yake kununua samaki, mmoja wao ataniuliza kwa upole kama yule kijana ameshapona mafua. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikawa naongeza sauti makusudi, maana kama wanasikiliza, basi na wasikie vizuri.

Kwetu, kabla ya mahari na harusi, upande wa mwanamume hutuma watu wachache kuja kushika irembo, yaani lango la nyumbani kwa msichana. Wanasema wameona mtoto mwema humo ndani, wanaomba lango lisifungwe mbele yao. Anayewajibu ni mwanamume mkubwa wa ukoo. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyebaki wa kutoa neno ni baba mkubwa, kaka yake, anayeishi Goma, mwendo mfupi tu wa miguu ukishavuka mpaka wa kuingia Congo. Na baba mkubwa huyo aliteleza kwenye ngazi ya nyumba yake akavunjika mguu asubuhi ileile wakwe zangu walipokuja kutoka Kanzenze. Walikunywa fanta, wakapewa pole za kutosha, wakarudi bila jibu.

Wakaahidi kuja tena. Lakini wakiondoka mara ya pili bila jibu, hakuna ambaye angehitaji kuwaeleza zaidi. Huku kwetu ndivyo waungwana wanavyokataliwa. Mchumba wangu alilijua hilo, nami nililijua. Nilimtaka yule mtu. Sikutaka mwingine, na sikutaka kungoja mfupa wa mzee uunge.

Baba mkubwa alikuwa radhi kutoa neno lake kwa simu. Aliyekataa ni mama. Alisema neno la mkubwa wa ukoo halipokelewi dirishani, matako yamewaelekea wageni.

Hapo mchumba wangu akaleta busta. Yeye ni fundi wa dishi na antena pale Mahoko, na hakuna kitu kinachomfurahisha kama waya. Alinieleza kazi yake huku macho yanang'aa: antena moja unaifunga juu ya paa ielekee mnara, waya unashuka hadi kwenye kisanduku kinachoongeza nguvu, na kutoka hapo antena ndogo ya ndani inaimwaga rezo nyumba nzima. Ila ya juu na ya ndani ziwe mbalimbali, la sivyo zinaanza kusikilizana zenyewe kwa zenyewe na taa ya kisanduku inakuwa nyekundu. Kwa hiyo ya juu aliifunga upande wa jikoni, na kisanduku akakiweka chumbani kwangu, mwisho kabisa wa nyumba.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuigeuza antena ya juu polepole mpaka ipate mahali penye nguvu. Yeye akapanda paani. Mama akasimama sebuleni na simu yake ya vitufe ili amwambie vijiti vya rezo vinavyoongezeka. Simu ya mama ni ya laini mbili, kama za watu wengi wa mpakani: juu laini ya Congo, chini laini ya Rwanda, kila moja na vijiti vyake. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi na kucheka peke yangu, maana sijawahi kusikia watu wawili wakipigiana kelele kwa heshima kiasi kile.

Kutoka juu aliuliza, samahani mama, viko vingapi. Mama akajibu, asante mwanangu, viwili. Anageuza kidogo, anaomba radhi, anauliza tena. Mwishowe mama akatangaza kwamba vimejaa vyote, na Mungu ambariki.

Angekuwa kwa mteja wa kawaida, fundi wangu angeuliza ni vijiti vya laini gani. Tena alikwisha kuona kwamba antena imeupa mgongo mlima Rubavu, ulio na mnara wetu, na inaitazama Goma uso kwa uso. Lakini aliyekuwa chini ni mama mkwe wake mtarajiwa, na mkwe gani atamuuliza mama mkwe kama anajua kusoma simu yake? Alinieleza baadaye kwamba alijiaminisha kuwa rezo inagonga mahali fulani na kurudi. Akakaza skrubu, akashuka, akanawa mikono.

Mama akampigia baba mkubwa palepale kwa laini ya Congo, akiwa ameketi kwenye kiti cha baba, mguu mmoja juu ya mwingine. Sauti ilikuja safi. Sisi watatu tulishangilia kama watu waliofunga goli, na hakuna aliyefikiria kujaribu simu nyingine.

Wageni wakaja. Mchumba wangu kwa desturi hakuingia; alibaki barabarani chini ya baraza la duka, akijifanya anangoja moto, yaani pikipiki ya abiria. Mimi nikafungiwa chumbani na kisanduku, kwa sababu msichana haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Simu yangu, iliyo mpya kuliko ya mama, ilikuwa sebuleni imeunganishwa na spika, na ndiyo ambayo baba mkubwa angeipigia. Nilikaa kitandani natazama taa ya kijani, nimevaa vizuri bure.

Mambo yalianza vizuri. Msemaji wao, mzee mmoja mwembamba mwenye utani mwingi, alikuwa akieleza kwa Kinyarwanda jinsi walivyofuata harufu ya maziwa mpaka mlangoni petu. Ndipo simu moja ikalia mlio wa ujumbe. Ikafuata nyingine. Kisha zote, upande wao na upande wetu, zikawa zinalia kwa zamu mifukoni na mikobani. Mzee akaitoa yake, akaisoma, akasema kwamba yeye ameondoka Kanzenze kuja kuomba mtoto Gisenyi, na sasa simu inamkaribisha Congo kwa Kifaransa. Akauliza kama bibi harusi anapatikana nchi ileile au waende kutafuta hati za kusafiria.

Sebule nzima ikacheka. Mimi nilicheka mpaka nikauma mto. Kisha saa ya baba mkubwa ikafika na simu yangu haikulia. Mama akaishika, akampigia yeye. Haikuenda. Akarudia. Kicheko kikaanza kukauka, glasi zikawekwa mezani, na nikamsikia yule mzee akisema kwa sauti ya upole, upole ambao sikuutaka hata kidogo, kwamba huenda siku hii pia si yake, na kwamba wao hawana kinyongo.

Niliitazama ile taa. Kijani kabisa. Rezo ilikuwepo tele, ila haikuwa yetu! Simu yangu ilikuwa imehamia Congo pamoja na simu zote za sebuleni, bila salio la kutumia ng'ambo. Na simu moja tu ndani ya nyumba ilikuwa na laini ya huko, nayo ilikuwa kwenye mkoba wa mama, imezimwa sauti kwa adabu.

Nikasahau kwamba sipaswi kusikika. Nikaugonga mlango kwa ngumi.

"Mama! Simu yako! Piga na laini ya Congo!"

Halafu nikamsikia yule mzee akisema kwamba ashukuriwe Mungu, mtoto yupo, maana alianza kuogopa kwamba wanaomba kwenye nyumba tupu.

Mama alipiga. Spika ya simu yake ni ndogo na inakwaruza, kwa hiyo aliiweka katikati ya meza na wote wakainama juu yake. Nilifungua mlango kidogo, nikachungulia. Kofia za wazee wa Kanzenze na kilemba cha mama vilikuwa vimegusana. Baba mkubwa alikuwa amekasirika kwa kungojeshwa, na Kiswahili chake cha Goma kiliijaza sebule.

"Allô? Miye niko hapa na muguu yangu tangu asubui. Nani amekumbuka kupiga na laini hii?"

Mzee akahamia Kiswahili naye, akamwambia ni yule mtoto wanayemuomba, amesema kabla ya kuulizwa.

Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kikohozi cha baba mkubwa kikasikika, kisha sauti yake, laini kuliko nilivyomjua.

"Bon. Kama yeye mwenyewe ameita, miye ni nani wa kufunga mulango? Irembo nimewapa."

Akina mama wakapiga vigelegele. Chini ya baraza la duka, mchumba wangu alivisikia kupitia kuta za mawe ambazo hazijawahi kupitisha kitu. Wauza sambaza wanasema aliruka akaangusha pikipiki ya watu.

Baada ya harusi alirudi siku moja na spana, akapanda paani kuisahihisha antena. Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, anazungumza na Goma. Siku hizi anaongea na baba mkubwa kila jioni, akiwa ameketi kama mtu. Nilikuwa mlangoni nikamsikia mume wangu kule juu akisafisha koo. Safari hii hakuomba samahani.

"Mama, unatumia laini gani?"

Mama akaziba simu kwa kiganja.

"Ya Congo. Usiiguse, mutoto wangu. Shuka ule, chakula inapoa."