Jina la Muhonja Kwenye Kompyuta ya Watu Wote

Ulikuwa mwaka ule viwavi walipomaliza mahindi, hata soko la Lubao hukupata debe moja, tukala obusuma, ugali wetu, wa mihogo asubuhi na jioni mpaka ugali mweupe ukawa kitu cha kuota. Waliokula mihogo ile wanajua sijabuni. Mimi sisemangi uongo. Nimesema mmoja tu maishani, nao utausikia. Na niliyoyaona niliyaona saa kumi mchana, watu wakiwa kwenye benchi.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kazi yangu ni ya heshima. Katika maktaba ya umma hapa Kakamega kuna kompyuta moja ya watu wote. Kila mtu ana jina lake na neno lake la siri la kuingilia, na nusu saa yake. Mimi nakaa mlangoni na kitabu: nani ameingia, ametoka saa ngapi. Jioni Madam, mkubwa wa maktaba, hufungua orodha ambayo mashine yenyewe huandika, akailinganisha na yangu. Hatukuwahi kutofautiana hata jina moja. Walimu wenye digrii walinisalimia kwanza!

Muhonja alikuwa mjukuu wangu. Nilimlea tangu mama yake afe, chumba kimoja mtaani Amalemba. Aliomba nafasi chuo cha uuguzi, na kila siku saa kumi alikuja kuangalia kwa mashine kama wamejibu. Nusu saa ikiisha, namwinua kama wengine.

"Kukhu, dakika moja tu!"

"Hapana. Watasema nyanya yako anakupendelea."

Anacheka, anainuka. Halafu homa ikamshika Jumatatu. Alhamisi hakuwa nasi.

Tulimzika nyumbani Iguhu na sweta ya samawati niliyomfuma mwenyewe. Siku ya tatu tukanyoa nywele. Kwetu siku hiyo mzee huuliza mbele ya watu kila kitu cha marehemu kiko wapi, kitajwe, kipewe mtu, ili asiwe na sababu ya kurudi. Sanduku likatajwa, viatu, hata kuku wake mmoja. "Kuna kingine?" akauliza shemeji yangu, Mzee Shikanga. Nikakumbuka lile jina lake ndani ya mashine. Nikaona haya. Wazee wangenicheka, jina ndani ya kitu kama televisheni ni mali gani? Nikanyamaza. Niamini, hapo ndipo nilipoharibu.

Wiki iliyofuata Madam akaniita. Kitabu changu kina watu kumi na mmoja, mashine ina kumi na wawili. "Nyanya, Muhonja ameingia saa kumi. Neno lake la siri umempa nani?" Mimi! Neno lenyewe sijawahi kulijua. Hakuniamini, nilimwona machoni.

Kesho yake nikageuza kiti changu, nikaitazama mashine. Saa kumi mvua ikashuka. Aliyekuwa akiitumia akaondoka, kiti kikabaki kitupu.

"Nyanya, kiti kiko wazi na sisi umetupanga hapa kama kuku wa soko," akasema mwalimu mmoja mwanamke.

"Si uende ukae? Nimekufunga miguu?"

Akapiga hatua mbili, akajikumbatia kama mtu aliyeshikwa na baridi. "Wacha tu. Nitakuja kesho." Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakuinuka kabisa.

Nilipotazama tena, alikuwa amekaa. Sweta ya samawati, kavu, na nje mvua inapiga mabati. Vidole vinatembea juu ya herufi, sauti hakuna. Wewe ungefanya nini? Nilimwendea. Hakugeuka.

"Kukhu, imekuja?"

Ilikuwa imekuja. Chuo kilinipigia simu mimi siku nne baada ya mazishi: amechukuliwa, aje na godoro na ndoo. Nikafungua mdomo nimwambie. Halafu nikawaza, akijua, atarudi tena kufanya nini?

"Bado, mama," nikasema.

Huo ndio uongo wangu.

Tangu siku hiyo anakujanga kila saa kumi. Mwanzoni alikuwa yule yule ninayemjua. Sasa sweta inachuruzika maji na sakafu hailowi. Vidole vimebaki mifupa. Hacheki. Swali ni lile moja, nami jibu langu ni lile moja, na kila nikilitoa anazidi kukonda. Walimu hawanisalimii tena.

Wewe unayesoma, mkimzika mtu wenu, siku ya kunyoa tajeni na majina yake ya kwenye mashine. Msione haya. Yatajeni kabla hajarudi kukuuliza kitu. Akishauliza, mkono wako utakataa.

Juzi Madam, aliyechoka kuona jina likiingia bila mtu kitini, alimwita Mzee Shikanga, akaja mpaka mjini na fimbo yake. "Shemeji, mtoto anateseka. Tuite watu, tumtaje, jina litolewe, aende." Madam akaifungua ile orodha, akaniambia ni kubonyeza mara moja tu, na afadhali nibonyeze mimi niliyemlea. Najua wanasema kweli. Najua ni mimi ninayemkalisha kwenye baridi ile. Madam akanishika kidole, akakiweka juu ya kitufe.

"Mimi simfuti," nikamwambia.

Mzee akaanza kulia, mwanamume mzima, akaniomba kwa jina la marehemu mume wangu.

"Mimi simfuti."