Bibi Anakwenda Butiama

Kijiji kipya kilinuka nyasi mbichi za kuezekea na udongo uliofukuliwa. Ndiyo harufu inayonijia kwanza nikikumbuka miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kabla hata ya sura za watu. Tulihamia wakati wa kiangazi. Tulitoka kwenye mji wetu wa mlimani, ambako jirani ulimwita kwa kupaza sauti, tukaletwa bondeni, kati ya Butiama na Bunda, kwenye nyumba zilizopangwa mistari kama darasani. Watu wa vipimo walikuja na kamba na vigingi, wakanyoosha, wakagawa: huyu hapa, yule pale. Hawakuuliza nani ni nani kwa nani. Basi Bibi, mama yake mama yangu, mjane aliyekuwa akikaa ng'ambo ya vilima, akapewa kiwanja kinachotazamana na uwanja wa mpira, na sisi tukapewa mstari wa nyuma yake. Mimi nilifurahi kupita kiasi, maana Bibi alikuwa na karanga muda wote. Baba yangu alishika kichwa.

Wasiojua lazima niwaeleze. Kwetu, enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kukwepana. Hawakupeana mikono, hawakula chungu kimoja, hawakutazamana usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia majanini akageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Na kubwa kuliko yote, mama mkwe hakutakiwa kumwona mkwe wake mapaja nje. Hiyo ilikuwa aibu ya kuchinjiwa mbuzi wa kuiondoa, na bado watu wangeisimulia. Kule mlimani adabu hii haikumsumbua mtu, kwa sababu Bibi alikuja kwetu mara chache, tena kwa taarifa. Bondeni ikawa kazi ya kutwa kucha. Baba akitaka kiberiti kwenye duka la ushirika alizunguka kupitia mashamba ya pamba, na kila alipofika kona alikohoa. Bibi akisikia kikohozi, hata kama ana mtungi wa maji kichwani, aligeukia ukuta wa mtu akasubiri. Sisi watoto tulikuwa tunawacheka mpaka tunachapwa.

Sasa, Baba alikuwa mchezaji. Simaanishi mchezaji wa kupiga mpira jioni na watoto. Katika ujana wake, miaka ya mwanzo ya Uhuru, alikaa Musoma mjini, alipanga chumba mtaa wa Iringo, akachezea timu ya mji namba kumi na moja. Watu wa rika lake walimwita Kushoto, kwa sababu ya mguu wake, na mpaka leo nikienda mwaloni kununua samaki, mzee mmoja mmoja ananiita binti wa Kushoto. Aliacha mpira babu yangu alipofariki, akarudi nyumbani kuangalia ng'ombe, akaoa. Mlimani hapakuwa na tambarare hata ya kulaza mkeka, kwa hiyo hamu ilimtoka, au alijidanganya imemtoka. Bondeni uwanja ulikuwa mbele ya macho yake. Kila jioni vijana walipoanza mazoezi, Baba alichukua jembe akaenda shambani kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Alikuwa amenyauka yule mtu. Ng'ombe wengi walikuwa wamebaki kwa ndugu zake, mlima wake ulikuwa umebaki kule juu, na nyumbani alikula bila kusema neno. Nilikuwa darasa la tatu na nilimhurumia, ingawa nilikuwa sijui namhurumia kwa lipi.

Timu ya kijiji ilikuwa ya aibu, nisiseme uongo. Ilikuwa na nguvu lakini haikuwa na akili. Vijana wa Manyamanyama walikuja kucheza nao, wakawafunga mpaka watazamaji wetu wenyewe wakaanza kuwashangilia wageni. Mwalimu Mhina, aliyetufundisha shuleni na kuisimamia timu, mtu wa Lushoto aliyeletwa kwetu na kazi, alikuwa ameandikisha kijiji kwenye kombe la wilaya, na mechi ya kwanza ilikuwa na haohao wa Manyamanyama, kwetu. Mtu akamnong'oneza habari za Kushoto. Akaja nyumbani na baiskeli yake, akamsihi Baba kwa heshima zote. Baba akajibu kwamba goti lake bovu. Nilimtazama kwa mshangao. Goti lile lilikuwa linabeba magunia ya pamba mpaka ghalani, kwenda na kurudi.

Mama hakumwachia. Kesho yake tulikuwa watatu shambani tukichuma pamba, mimi nikijifanya nipo mbali, akamwambia goti lake halina kitu, aseme tu kwamba tatizo ni mama yake yeye, anayekaa pale uwanjani.

"Ndiyo, ni mama yako," Baba akasema. "Nikimbie na bukta mlangoni kwake, halafu kesho nimtazameje?"

"Hata sasa humtazami," Mama akajibu.

Baba alicheka. Nilishtuka, kwa sababu tangu tuhamie sikuwa nimemsikia akicheka. Halafu akaacha kuchuma, akasema jambo ambalo Mama alilikumbuka mpaka uzeeni. Alisema ana hamu. Alisema anaota usiku anakimbia pembeni mwa uwanja na mpira hautoki mguuni. Kwa umri wake huu ulikuwa mwaka wa mwisho wa kujaribu. Mwakani lile goti la uongo litakuwa la kweli. Lakini akasema pia kwamba hawezi kumvunjia heshima mwanamke aliyempa mke, kwa sababu ya mpira. Waliendelea kuchuma.

Mwalimu Mhina alipoelezwa kiini cha tatizo aliona ni jambo dogo. Kwanza alipendekeza Baba acheze na suruali ndefu. Baba alijaribu, jamani, kule nyuma ya ghala la pamba, asionekane. Alikimbia mara ya kwanza, ya pili, ikapasuka kuanzia hapa mpaka hapa, na akarudi nyumbani amejifunga gunia kiunoni. Ndipo Mwalimu akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu asingelifanya hata kwa ulevi. Alikwenda kumwomba Bibi ruhusa. Mimi nilikuwepo, nikimsaidia kupepeta mtama. Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni, kwa hiyo Mwalimu akaniambia nitafsiri: kwamba mkwe wake ni hodari, kwamba kijiji kinamhitaji, na kwamba asijali akimwona mapaja. Nilitafsiri nikasema miguu, na hata hiyo miguu nilihisi nimemvua Baba nguo hadharani. Bibi alimalizia kupepeta ungo uliokuwa mkononi, akausimamisha ukutani, akaingia ndani akafunga mlango. Mwalimu alibaki ananitazama mimi, eti nimweleze.

Habari zilimfikia Baba kabla sijafika nyumbani. Sijawahi kumwona mtu mzima ameaibika vile. Alisema yamekwisha, asisikie tena neno mpira nyumbani kwake, na siku zilizofuata hata dukani hakwenda, nilitumwa mimi. Nililia kwa siri. Nilikuwa nimeshaanza kutamani kumwona huyo Kushoto, na sasa niliona ameuawa na mimi nikiwa mkalimani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, Bibi akaniita. Alikuwa anamenya karanga, hakuninyanyulia hata uso. Alisema, "Kamwambie mama yako Jumamosi nakwenda Butiama kumwona dada yangu. Naondoka mchana, nitarudi jua likizama. Mwambie alitangaze hilo, asinong'one."

Mama alitangaza. Alisimama jikoni akaeleza safari ya Bibi kwa sauti ya kuita mbuzi, na Baba alikuwa hatua chache nje akinoa jembe. Aliendelea kunoa kwa muda mrefu mno, jembe lenyewe dogo. Halafu akaingia, akapanda darini, akashuka na njumu zilizofungwa kwenye gunia, zimekauka kama kuni, akaomba mafuta ya ng'ombe ya kuzilainishia. Mama alimpa, akageukia sufuria, akalia, akasingizia moshi.

Jumamosi hiyo Bibi aliondoka kwa kishindo. Alijifunga khanga mpya, akajitwika kikapu, akapita katikati ya uwanja penye watu, akimsalimu kila mtu na kumwambia kila mtu, hata asiyeuliza, kwamba anakwenda Butiama kwa dada yake. Alipopotea barabarani, Baba akatoka chini ya miti walikokuwa wanavaa wachezaji, na bukta yake ya zamani, miguu imefifia kwa kufichwa jua. Wazee walipiga makofi. Mechi ilipoanza mimi nilitaka kutazama nikiwa peke yangu, bila kusukumwa na wavulana, nikaenda kwenye kona ya nyumba ya Bibi. Nikasikia mtu anahema nyuma yake.

Bibi alikuwa pale. Alikuwa amezunguka kupitia kwenye pamba, mzee yule, na kikapu chake, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake mwenyewe, uso ameuelekeza kwenye kihenge cha mtama, mgongo ameupa uwanja. Nilitaka kupiga kelele. Akaniwahi, akasema kwa sauti ya chini: "Sitazami. Kaa hapo konani unieleze. Na usimwambie mkwe. Akijua nipo, miguu itamwisha nguvu."

Kwa hiyo nilieleza. Mpira nilikuwa siujui vizuri, nilieleza nilichokiona: anao, kanyang'anywa, anao tena, kampita mmoja, kampita na mwingine, yule mwingine kakaa chini. Bibi alikuwa anataka kujua mambo ambayo mtangazaji yeyote asingeyafikiria, kama anaonekana amekula vizuri, na yule anayemkaba ni mtoto wa nani. Kipindi cha pili beki wa Manyamanyama akamkwatua Baba vibaya, uwanja mzima ukanyamaza. Bibi alisimama, mikono kwenye kihenge, bado hajageuka. Shingo yake ilikuwa inatetemeka. Nilijua kinachomgharimu, nami nikasahau kusema mpaka aliponiuliza, "Ameinuka?" Nikamwambia ameinuka, anachechemea, anakimbia. Akakaa. Tulikuwa tumefungwa moja, na muda umekwenda, Baba akapata mpira pembeni upande wetu huu huu, karibu kabisa, nikasikia njumu zake ardhini. Akawapita, akamwaga krosi, kijana wetu mmoja akaruka akaupiga kichwa ukaingia. Watu walilipuka. Bibi alijiziba mdomo kwa khanga, akapiga kigelegele humo humo ndani ya kitambaa, machozi yanamtoka. Tulitoka sare, na kijijini kwetu sare ile ilichinjiwa ng'ombe. Jua lilipozama Bibi alionekana akija kwa barabara ya Butiama, amechoka kweli, akisema dada yake anawasalimu wote.

Baba alicheza misimu mitatu, mpaka goti likakataa kweli. Dada yake Bibi alitembelewa kila mechi ya nyumbani. Siku moja huyo dada akaja mwenyewe, akalalamika kwamba ndugu yake amemtupa, hajamtia machoni tangu mavuno, na Mama akamkimbizia chai kabla hajafafanua.

Leo nakaa Musoma, bibi wa watu na mimi, na mkwe wangu anaingia sebuleni na bukta, jasho linamtoka, anakaa kwenye kochi langu mapaja yote haya hapa, ananiambia, mama, chai ipo? Nampa. Nampenda yule kijana, tunacheka, akiumwa nakaa kitandani kwake nikamshika paji la uso. Sitaki kuwadanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Bibi na Baba walikaa jirani mpaka Bibi anakufa, na hawakuwahi kuzungumza mazungumzo ya maana hata ya nusu saa. Alipougua, Baba alisimama nje ya ukuta na maziwa, yakapokelewa, akaondoka. Hilo linaniuma. Lakini mkwe wangu alipopata timu ya ligi ya mkoa, naye kashapita thelathini, akaniuliza arudi uwanjani au aache, nilimwambia tu arudi akitaka, nikaendelea kukaanga samaki. Haikunigharimu chochote, na nafikiri aliliona hilo, kwa sababu aliamua kuacha.

Baba alikuwa amekaa pale, mzee sana sasa, nimemchukua aishi na mimi. Kijana alipotoka nilimsimulia yote: kikapu, kihenge, kigelegele cha ndani ya khanga. Bibi ana miaka mingi kaburini, niliona hakuna wa kuishiwa nguvu tena. Baba alisikiliza mpaka mwisho ametazama chini. Nilidhani ataona aibu, au atacheka. Akanikamata mkono.

"Mama," akaniambia, kwa kuwa ndivyo anavyoniita, "mbona hukunipa hata ishara? Ningekuwa nacheza upande wake muda wote."