Mfuko wa Wifi

Hebu mtazame akija. Ngazi za nyumba ile ni za saruji, nyembamba, na yeye anazishuka ubavu ubavu kama kaa, mkono mmoja umeshika chuma cha ukutani, mwingine umebeba birika la chai. Akifika chini anavuta pumzi, anafungua kufuli la kibanda chake cha ushonaji, na cherehani inaanza kulia. Sasa subiri jioni umwone akirudi kwake ghorofani. Anapanda mbio kama binti aliyeitwa na mamake, wala hashiki kitu. Goti lake ndivyo lilivyo: kupanda halina neno, kushuka linamtafuna. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kukimbia miteremko, iko siku atashindwa hata kwenda sokoni.

Watu humwita Fundi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mkimbiaji wa milimani, na kwamba mumewe, fundi bomba mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alifundishwa kukimbia na yeye. Yeye ndiye aliyemwonyesha kufupisha hatua penye mawe, kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Enzi za uchumba wao walikuwa wakikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakipanga safari moja tu: kukimbia bonde hadi bonde, wakilala njiani, mpaka wauone upande wa pili wa ile milima mirefu. Kisha wakaja watoto, likaja goti, na safari ikawekwa kabatini kama nguo ya harusi.

Mwaka huu mume aliitoa kabatini. Ila aliitoa ili amvalishe mwingine.

Huyo mwingine ni dadake mume, kitinda mimba wao, ambaye mtaa mzima unamwita Kiberenge kwa kuwa anakimbia huku anaongea. Ni mtu mwema, lazima niseme, na hadithi hii ingekuwa nyepesi zaidi kama angekuwa mbaya. Fundi na wifi yake huyo walikuwa chanda na pete, wakitaniana mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Lakini wivu, jamani, haukuulizi kwanza kama unampenda yule unayemwonea.

Mipango ilifanyiwa juu ya meza ya Fundi ya kukatia vitambaa, maana ndiyo pekee iliyoitosha ramani. Upande mmoja wakaukandamiza kwa mkasi wake, mwingine kwa pasi yake. Mwenyewe akabaki pembeni na cherehani, akizungusha gurudumu polepole kuliko kawaida ili asikie. Kaka na dada wakabishana kuhusu blanketi jepesi na koti zito, wakabishana walale wapi na maji wayapate wapi. Walipofika kwenye mpando mkubwa, ule unaoishia kwenye kibanda cha wapita njia chini ya kilele, mume akaweka kidole pale na kumwambia dadake kwamba ukifika asubuhi mawingu yanakuwa chini ya miguu yako, unajiona kama umevaa viatu vya pamba.

Sindano ya cherehani ikakatika. Viatu vya pamba vilikuwa maneno yake Fundi. Aliyasema yeye, juu ya ndoo, siku alipomsimulia mchumba wake jinsi alivyofika pale akiwa msichana. Na sasa yanagawiwa kama karanga.

"Na mimi mmenipangia nini?" akauliza, akibadilisha sindano.

Mume hakuinua kichwa. "Si wanasema aliye juu mngoje chini? Basi wewe tungoje."

Alikuwa anatania. Lakini kuna utani unaoingia kama mwiba wa samaki: anayekula ni mwenzako, unapokwama ni kooni kwako.

Kumbe kazi alikuwa amepangiwa, ya kuwashonea mifuko ya mgongoni. Mfuko wa mkimbiaji si mkoba wa shule. Unavaliwa kama kizibao na kubana kifua. Ukilegea unadunda, ukidunda unachubua, na ngozi iliyochubuka siku ya kwanza hulia siku zote zilizobaki. Ndiyo maana Fundi hampimi mkimbiaji aliyetulia. Humwamuru kwanza apande ngazi mbio na kushuka, kisha humzungushia futi kifuani angali anahema.

Kiberenge akapanda. Akashuka akiruka ngazi mbili mbili, magoti yake yakikunjuka kama bawaba zilizotiwa mafuta. Fundi alimtazama akishuka, na kwa kweli tangu hapo hakuona kingine. Akampima, akataja kipimo kwa sauti kama kawaida yake, akachora kwa chaki, akashika mkasi.

Mfuko wa mume ulitoka safi. Jioni ya kuamkia safari, Kiberenge akavaa wake mbele ya kioo, naye ni mwembamba kama uzi. Ukamning'inia kama koti la kuazima. Akarukaruka, nao ukamdunda mgongoni.

"Wifi," akasema, "huu umemshonea nani?"

Fundi akasingizia kitambaa. Akamvua, akauvaa mwenyewe aone kasoro iko wapi, na mfuko ukamkaa kama ngozi yake, kila mshono mahali pake. Alipoukunjua ukingo, mstari wa chaki bado ulionekana kwa ndani, sahihi kabisa. Mkasi ndio uliopita nje yake, ukafuata mwili unaoujua. Fundi angeapa kwamba alikosea. Ila asingeapa mara mbili.

Mume akasema si neno, muda upo, aufumue tu aupunguze. Akapanda juu kwenda kuoga.

Kiberenge hakumfuata. Alikunjua ramani tena na kuushika ule mpando mkubwa kwa ukucha.

"Sikia, wifi. Basi linafika hapa mwanzo wa mpando. Juu kibandani linafika gari linalopeleka unga. Hapa katikati hakuna mteremko hata wa kuku. Siku hiyo uje na basi, ukimbie wewe na kaka. Mimi nitapanda na gari niwangoje juu, wewe ushuke nalo. Mfuko wangu wa zamani nimeuzoea, huo baki nao."

Kwa kitambo Fundi akayaona mawingu.

"Kaka yako ndiye aliyekutuma?"

Kiberenge akaanza kuikunja ramani, akakosea mikunjo, akaianza upya. Kisha akaaga, akatoka.

Fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani, mfuko ukiwa bado mwilini, wembe wa kufumulia mkononi. Zawadi ile ilikuwa ileile aliyoililia. Ila ilitoka mkono wa wifi, si wa mumewe, tena mkono ambao ungeweza kubaki nayo bila kusema. Kule juu maji yalikuwa yakimwagika, na mumewe anapiga mluzi, hana habari, mtu mwenye furaha ya safari.

Haya, msomaji wangu, wewe ungekuwa Fundi ungeufumua mfuko ule, au ungepanda nao mlimani?