Sala Aliyoikata Fundi Sindano

Walimwita Sindano, na asiyemjua alidhani ni kwa sababu ya cherehani. Waliokwisha kumpelekea kitambaa walijua jina limetokana na ulimi. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, yeye hujibu, "Gauni halijanenepa, mama."

Alikuwa na chumba cha kulala na chumba cha kushonea. Tangu mumewe afariki, mwaka wa pili sasa, alikuwa anakula kwenye meza ya kukatia nguo, maana meza ya chakula ilikuwa na viti viwili, na kile cha pili kilikuwa kinamtazama.

Marehemu alikuwa mpiga chapa. Maisha yake yalikuwa kadi za harusi na vitabu vya risiti, lakini mwaka mmoja aliandika hadithi ya Krismasi, akaichapa mwenyewe, kijitabu cha kurasa nane. Ilimhusu muuza mkaa mwenye roho ngumu. Siku ya sikukuu, mtaa mzima uko kanisani, jirani ambaye hawasalimiani mwaka wa tatu anakimbia kutafuta daktari, na muuza mkaa anabaki peke yake na mtoto wa jirani huyo, anayeungua kwa homa. Hadithi hiyo ilisomwa kanisani kila Krismasi kwa miaka ishirini na sita. Watoto waliijua kwa moyo. Watu wazima hawakuchoka kulia palepale mtoto anapoomba maji.

Mwandishi mwenyewe hakuwahi kuisikia ikisomwa. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka langoni, akamweka sawa mtandio begani, akarudi zake nyumbani. Sindano, aliyeweza kumuuliza muuza nyama kama mizani yake ina malaria, hakuwahi kumuuliza mumewe kwa nini haingii. Aliogopa jibu. Alijiambia ipo siku. Siku iliyokuja ikawa ya jeneza, na swali bado analo mdomoni.

Wiki tatu kabla ya Krismasi, mchungaji alimtembelea akiwa na mzee mpya wa kanisa, mwalimu mstaafu ambaye bado alitembea na kalamu nyekundu mfukoni.

"Mama, hatuna ugomvi na marehemu," alianza Mwalimu. "Ila hii hadithi nimeisoma mara tatu. Haina malaika, haina hori, haina hata Yesu mmoja."

"Ulitaka wangapi?"

Mchungaji alikohoa kuficha kicheko.

"Nauliza kama aliyeiandika alikuwa anaamini," Mwalimu hakutetereka. "Wema hata mpagani anao. Kitu kikisomwa madhabahuni, tujue kimetoka katika moyo gani. Vinginevyo mwaka huu tusome kingine."

"Mti hujulikana kwa matunda yake, Mwalimu," alisema mchungaji.

"Na embe la wizi nalo ni tamu, mchungaji." Akamgeukia Sindano. "Wewe umeishi naye miaka thelathini. Alikuwa anaamini, au hakuwa anaamini?"

Kwa Mwalimu hilo lilikuwa swali la ratiba ya ibada. Kwa Sindano lilikuwa swali la kama atamwona tena mumewe mbinguni, au ndiyo basi.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema, na safari hii hakuongeza neno la kuchoma.

Walipoondoka alikaa kwenye cherehani. Alikumbuka zile jioni za kuandika. Mume anasoma kwa sauti, mke anashona na kukosoa. "Hapo pamepooza," akisema, mume anafuta. Ndipo likamjia jambo jingine. Sala ilikuwepo mwanzoni. Muuza mkaa alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba ukurasa mzima. Na Sindano, pini mdomoni, akasema, "Toa hiyo. Watu wana mahubiri ya kutosha."

"Sawa, mke wangu," akasema mumewe, akaitoa karatasi hiyo. Hakuandika hadithi nyingine tena.

Basi karatasi ilikwenda wapi? Jibu alilijua, na halikumfurahisha. Karatasi za kiwandani kwa mumewe zilikuwa pana na ngumu, na fundi hatupi karatasi ngumu. Huikata umbo la kola au mfuko, akailaza juu ya kitambaa, akaifuatisha kwa chaki. Alishusha mafurushi yote ya karatasi hizo, akapekua migongo na viuno vya watu alivyovikata kwa miaka ishirini na sita. Ijumaa mchana aliupata ule ukurasa, umekatwa umbo la mkono wa joho la kwaya ya watoto, ukiwa na mwandiko wa mumewe.

*Bwana, mimi sijui kama upo. Nimekuja kwako kwa sababu mtaani hakuna mwingine aliyebaki. Huyu mtoto hana kosa, kosa ni langu. Kama unasikia, basi*

Hapo mkasi ulikuwa umepita, ukazunguka kwapa. Kipande kilichobaki alikitafuta mpaka mwanga wa dirishani ukaisha, asikipate.

Jumamosi alikwenda kanisani, akaweka karatasi hiyo mbele ya wale wanaume wawili. Mwalimu akasoma, akaruka.

"Si unaona! Anasema hajui kama Mungu yupo!"

"Anamwambia nani?" aliuliza Sindano.

Mchungaji akasema hapo shauri limekwisha, hadithi itasomwa na sala irudishwe mahali pake. "Ila imalizie wewe, mama. Maneno mawili matatu tu, ifike kwenye Amina."

"Simshonei marehemu nguo ambayo sikumpima." Wakakubaliana isomwe ilivyo, ikomee pale mkasi ulipopita.

Alirudi nyumbani peke yake. Kumnyamazisha Mwalimu hakukumsaidia kitu. Aliyepiga magoti alikuwa muuza mkaa, na muuza mkaa ni mtu wa kutungwa.

Krismasi, Mwalimu aliomba asome yeye, na kwa kweli alisoma vizuri. Akafika kwenye sala. "Kama unasikia, basi," akasoma, akanyamaza kama walivyokubaliana, akafunua ukurasa.

Kanisa zima likadhani sala imekwisha. "Amina!" waliitikia kwa kishindo, mpaka vichanga vikaamka.

Kwenye benchi la tatu, Sindano hakuitikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri yaliyobaki.