Swali la Mzee Mwenye Duka

Duka la yule mzee liko Kiwalani, mtaa ninaokaa, na kwa wiki kadhaa baada ya mke wake kunifia mikononi nilikuwa nazunguka hadi mtaa wa pili kununua sukari, ili mradi nisipite pale.

Mke wake tulizoea kumwita bimkubwa. Alikuwa anakuja kituoni kwetu kupima presha, kavaa buibui, ananukia udi, na hata foleni iwe ndefu namna gani hakuwahi kunitolea maneno. Wengine walinitolea. "Nyie manesi mnaringaga tu," walikuwa wakisema dawa zikiisha, kana kwamba sie ndio tumezificha. Bimkubwa akimaliza kupimwa ataniuliza habari za mama yangu kule Njombe, mtu ambaye hajawahi hata kumwona.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Mchana mmoja mume wake alimleta kwa bajaji, anahema kama katoka mbioni, midomo imebadilika rangi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mashine ya oksijeni haiendi bila umeme, na jenereta halikuwa na dizeli. Tulishaomba, tukaomba tena, tukaambiwa tusubiri. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa. Daktari akaagiza sindano ya kupunguza maji mapafuni, nikamchoma bimkubwa, naye daktari akatoka kwenda kupiga simu kutafuta gari. Mzee naye akakimbilia barabarani kusimamisha teksi. Tukabaki wawili, bimkubwa nimemwegemeza kifuani kwangu ili akae wima.

Alikata roho kabla gari halijapatikana.

Msibani nilikwenda, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuzunguka mtaa. Si kwamba mzee alinilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu. Ila kila tulipokutana aliniangalia kama mtu anayetaka kuomba kitu na anaona haya. Na kazini ikawa nikimwegemeza mgonjwa yeyote aliyebanwa na pumzi, nasikia harufu ya udi, wakati mgonjwa mwenyewe ananuka jasho na dawa ya kuchua. Niligeuka mara nyingi kuangalia nani kaingia. Hakuna. Nikaomba likizo, nikajibiwa watumishi ni wachache.

Jumamosi moja mvua ilinikamata njiani, nikajikuta nimejibanza barazani kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ingia ndani, unalowa."

Akanipa kiti. Akamhudumia mteja, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mie nilikuwa barabarani."

"Ndiyo baba."

"Nina swali, na tafadhali usinifiche. Alitamka shahada?"

Mimi ni Mkristo, lakini nimekaa Dar vya kutosha kujua uzito wa swali lile. Mzee alitaka kujua kama mke wake aliondoka duniani akiwa anamshuhudia Mungu.

Nikaiona tena midomo ya bimkubwa ikitikisika. Ndege ilikuwa inatua uwanja wa jirani, mabati ya kituo yanatetemeka, sikusikia hata neno moja. Nilimwambia, "Usiongee mama, tunza pumzi." Akanyanyua kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimeelekea dirishani. Nikadhani anataka hewa, nikamwegemeza kwenye mito, nikaenda kufungua dirisha. Niliporudi alikuwa ametulia.

"Midomo ilikuwa inacheza," nilimwambia mzee. "Sikusikia, ndege ilikuwa inapita. Lakini alinyanyua kidole. Hiki."

Nikamwonyesha changu. Alikitazama, kisha akakaa juu ya gunia la mchele na kulia bila kujificha, kiganja kimefunika macho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Umenipumzisha, mwanangu. Silali tangu siku ile."

Dirisha sikulitaja. Nilitaka nilitaje, nikauona uso wake, nikaacha.

Kwenye hitma ya arobaini alinialika. Habari ilishanitangulia. Akina mama walinishika mikono, wakanikalisha mbele, wakaambizana kwamba huyu ndiye aliyeshuhudia. Tangu hapo majirani wakiwa na mzee mahututi huulizia kwanza zamu yangu ni lini. "Ukiwepo wewe, sista, roho zetu zinatulia." Nami nawaitikia, huku umeme bado unakatika na dizeli bado tunaisubiri.

Siku ile ya hitma, nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni, binti wa bimkubwa aliyekuja kutoka Unguja alinivuta pembeni. Alikuwa na sauti ya mama yake, ileile kabisa, hata nikashindwa kumwangalia usoni. Akaniomba nimwonyeshe jinsi mama alivyonyanyua kidole.

Nikamwonyesha.

Akaniomba nirudie.